Jiwe Nililokatazwa Kulikalia Roma

Mimi ni fundi mwashi. Msikiti wa mtaa wetu pale Rumonge niliujenga na baba, kwa mawe tuliyobeba kichwani kutoka milima ya Kizuka. Ulikuwa mdogo, lakini tao la mihrabu lilikaa sawasawa, na baba alilipapasa kila Ijumaa kabla watu hawajaingia.

Mdachi aliyesimamia kambi ya serikali pale kwetu aliubomoa. Alitaka mawe ya kujengea zizi la nyumbu wake. Baba alipokwenda kumsihi, alijibiwa kwa Kiswahili cha kambini: "Hii si nyumba ya maana. Ninyi mutajenga ingine." Baba hakujenga tena kitu chochote. Alikufa mvua zilipoanza.

Mwaka uliofuata Mdachi huyo alipata likizo ya kwenda kwao, akanichukua nimbebee kamera. Sikuulizwa. Tulitembea hadi pwani, tukapanda meli, tukashuka Napoli, maana alitaka kwanza kuona majengo ya kale ya Waitaliani.

Huko Roma alikuwa mtu mwingine. Alivua kofia mbele ya kuta zilizobomoka. Ndani ya kanisa moja alitazama picha za darini mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilisimama nyuma yake na sanduku la kamera begani, nikimwangalia kisogo.

Siku ya tatu, kwenye uwanja wa magofu, miguu ilichoka, nikakaa juu ya kipande cha nguzo.

"Ondoka hapo," alisema. "Hili jiwe iko hapa tangu zamani sana. Watu walilichonga kwa mikono."

"Na mawe yetu, Bwana, yalichongwa na nini?"

"Mawe gani?"

Alikuwa amesahau. Nikamwambia: mawe ya msikiti, yaliyo kwenye zizi la nyumbu.

"Hayo ni mambo mengine."

"Mengine kwa vipi?"

Alinipiga kofi mbele ya wageni waliokuja kutazama magofu. Nikaiweka kamera chini taratibu, nikamwambia sibebi tena.

Alinirudisha Napoli, nikapakiwa kwenye meli ya kurudi, nikilipia nauli kwa kusukuma makaa ya mawe. Mji wa Florensi, aliousifu njia nzima, akauona peke yake.

Watu huniuliza kama Roma ni nzuri. Ni nzuri mno. Nimeona matao ambayo sijui yalisimamishwaje. Hapo ndipo hasira inaponipanda, maana ningeweza kumsamehe mtu asiyejua thamani ya ukuta. Yule alijua.

Niliporudi, kambi ilikuwa na bwana mpya, akaniita nipanue lile zizi. Nilikataa, nikachapwa viboko ishirini na vitano. Kisha nikamchukua mke wangu tukahamia Gitaza, nikawa nawafungia wavuvi vichanja vya miti vya kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ni kazi inayooza kila masika. Naifanya nikiwa nimekunja uso, na mke wangu ameacha kuniuliza kwa nini.