Nilivyoimaliza Filamu ya Neema Kabla Haijaisha

Jamani, nina aibu ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu, najifunika uso. Mnajua mimi ni kipofu na kazi yangu ni kuchambua filamu kwenye redio moja ya hapa Kyela (ndiyo, watu hushangaa, nami huwajibu kuwa masikio yangu hayajaziba), na siku zote mke wangu Tumpe hukaa pembeni akininong'oneza yanayoonekana. Sasa Jumamosi ile Neema, binti wa wafinyanzi wa kule ziwani, alikuwa anazindua filamu yake ya kwanza ukumbini Mbugani, akaniomba niseme neno ikiisha, maana watu wengi walingoja kusikia nitasemaje. Mimi na kiburi changu nikamwambia Tumpe, "Leo baki nyumbani, wasije wakasema uchambuzi ni wako."

Nikaketi mbele, nasikiliza vizuri tu, mama analia, waombolezaji wanaimba, mazishi yanaisha, halafu kimya, hakuna muziki, hakuna neno, nikajisemea hiyo imekwisha, nikasimama nikapiga makofi (peke yangu!) na kuanza, "Ndugu zangu, filamu nzuri, ila mwisho umekatika kama umeme."

"Kaa chini, baba, unatuziba!" mzee mmoja akapaza sauti.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikarudi nyuma kwa haraka, nikakanyaga waya, picha ikazimika, sasa ikawa imekwisha kweli. Nikamsikia Neema akitoka nje huku analia, na hapo moyo uliniuma, maana kazi ya mwaka mzima ya binti wa watu nilikuwa nimeigeuza kichekesho.

Mkono wenye kiganja kigumu ukanishika. Kwa sauti nilimjua, mama yake Neema, yule yule aliyekuwa analia kwenye filamu.

"Kaa, mwanangu. Nitakusimulia."

Akamwita binti yake ndani, waya ukarudishwa, wakaanzia pale pale penye kimya.

"Hapa nimetoka kumzika mume wangu," akaninong'oneza. "Nalowesha udongo. Nafinyanga chungu. Shingo ya chungu haikai. Nakibomoa. Naanza upya."

"Mbona husemi kitu, mama?"

"Ningemwambia nani? Wa kumwambia ndiye huyo nimemzika."

Nililia mbele ya watu wote, na safari hii hakuna aliyecheka. Neema aliponipa kipaza sauti niliweza kusema tu, "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, nisamehe," uchambuzi wangu ukaishia hapo. Tangu siku hiyo filamu ikinyamaza nami nanyamaza, namgusa aliye pembeni, awe yeyote, namuuliza kuna nini.