Kijana wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Kwa miaka minne nimeandika habari za gemu za televisheni bila kushika hata moja. Nalisema mapema ili msomaji asije akaligundua mwenyewe katikati ya safari akajiona mjanja. Bidhaa za Dubai zilipoanza kujaa Kariakoo wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, mhariri alitaka safu ya "mambo mapya", na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na shahada ofisini, mambo mapya yakawa yangu. Nilikuwa nakwenda maktaba moja yenye magazeti ya nje, nasoma, narudi naandika kama mtu aliyetoka kucheza sasa hivi. Ukurasa wa kumi na moja, chini ya utabiri wa nyota. Mwandishi wa nyota na mimi tulikuwa tunaheshimiana. Kila mmoja alijua siri ya mwenzake.

Mwanzoni mwa mwezi huu ikaja barua kutoka Singida Mjini, imeandikwa kwa mwandiko wa mwanamke aliyesoma kwa masista. Alijiita Zuhura. Alisema anaendesha chumba cha gemu nyuma ya duka la ami yake, Mzee Salehe. "Uliandika," alisema, "kwamba kijana mmoja wa mikoa ya kati ameharibika macho kwa gemu, siku hizi anapapasa ukuta. Ami ameikata makala yako akaibandika dukani. Amesema mwisho wa mwezi chumba kinafungwa, kinakuwa stoo ya ndoo. Mimi chumba hiki ndiyo kazi yangu na nimekipenda. Naomba uje umwambie huyo kijana ni nani, maana hapa tumemtafuta hatumpati."

Hawangempata. Kijana huyo nilimtunga mimi, saa nane mchana, na njaa inaniuma, kwa sababu makala ilikuwa imepungua mistari sita. Daktari wa Ulaya niliyemtafsiri alikuwa na wasiwasi tu. Mimi nikampa mgonjwa.

Nilimwambia mhariri nakwenda Singida kufanya utafiti. Akasema, "Vizuri. Andika na kuhusu kuku."

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Dar es Salaam, na jioni nikalala Dodoma. Njiani kote nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na "vyanzo", nilikuwa na "muktadha", nilikuwa na "ugumu wa tafsiri". Kufika Gairo nilikuwa nimeshajisamehe kabisa.

Kesho yake lami ikatuaga. Mkiwa, pale njia zinapokutana, basi lilisimama watu wanywe chai. Mama aliyenimiminia aliniuliza naelekea wapi, nikamwambia naenda kuona chumba cha gemu mjini.

"Kwa Mzee Salehe? Si ndiko walikompofusha yule kijana?"

"Kijana yupi, mama?"

"Wa kwenye gazeti. Ni wa Sepuka, baba yake analima alizeti." Alikaza kifuniko cha chupa. "Wengine wanasema ni wa hapa hapa, ndugu zake wanamficha. Lakini wa Sepuka ndiye hasa. Shangazi yangu anamjua mama yake."

Kwa mistari sita mtu wangu alikuwa amepata kijiji, baba, mama na shamba. Mimi mwenyewe sina shamba.

Saa tisa alasiri tukaingia Singida, upepo ukisukuma mifuko ya nailoni kuelekea ziwani. Duka halikuwa mbali na stendi: mabeseni nje, kanga, vyombo na miwani ya kusomea ndani. Pembeni ya mlango nilijiona. Makala yangu ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya uji, jina langu limepigiwa mstari.

Zuhura ni mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mwenye kalamu nyuma ya sikio kama karani. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Nilidhani u mdogo zaidi," alisema. "Unavyoandika kwa haraka vile."

"Mzee yupo?"

"Ameenda kuswali. Njoo kwanza uone unachokiandika."

Chumba kilikuwa na benchi moja, televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kusokotwa, na mashine ndogo ya kijivu. Aliyekuwa anacheza ni Petro, fundi redio wa mtaa wa pili, mtu mzima mwenye mvi, aliyesema anapumzisha mkono wa kulehemu. Ukutani zilibandikwa makala zangu zote. Sikuwahi kuziona zimekaa pamoja, na zilinisema vibaya. Mwaka wa kwanza nilishangaa: mashine ya ajabu imeingia nchini. Mwaka wa pili nilitoa maksi, nyota nne kati ya tano, kwa gemu ambazo sikujua hata zinawashwa wapi. Mwaka wa tatu nilisifu picha. Mwaka wa nne nikaogopesha.

"Tulikuwa tunangoja mwaka utakaotuambia shimo la tatu linarukwaje," alisema Petro bila kugeuka.

"Hukuwahi kusema," alisema Zuhura. "Basi tukaandika wenyewe."

Alinipa daftari kubwa la kaunta. Gemu yao ni ya sungura mwenye mkoba anayevuka mashimo na madaraja, na maandishi yake yote ni ya nchi za mbali, hakuna Singida nzima anayeyasoma. Kwa hiyo wameweka sheria: anayekufa hainuki kwenye benchi mpaka atoe taarifa. Atasema amekufa wapi na kwa sababu gani, Zuhura ataandika, jina litawekwa. Anayefuata anasoma kwanza, ndipo anacheza. Nililisogeza daftari mbali kidogo, kama ninavyofanya siku hizi, nikasoma: "Daraja la pili: linavunjika ukisimama. Usisimame kushangaa. – Petro." "Shimo la tatu: ndege akija usiruke, mwache apite kwanza. – Dereva wa lori la vitunguu." "Mwenye ngome: hatujamwona. Anayemwona aeleze polepole."

Nimesoma magazeti ya London na Paris kwa miaka minne. Hakuna lililoniambia nisisimame kushangaa.

"Kaa," alisema Zuhura.

Nikakaa. Petro akanipa rimoti yenye vitufe, akanionyesha cha kuruka. Sungura alitembea vizuri, akanipa moyo, kisha akatumbukia shimo la kwanza.

"La kwanza hatuna hata taarifa yake," alisema Petro. "Hakuna aliyewahi kufia pale."

"Umekufa wapi na kwa sababu gani?" Zuhura alishachukua kalamu.

"Shimo la kwanza. Sikuliona."

Aliandika, bila kucheka, jambo lililoniuma zaidi.

Jioni, jua likiwa bado kwenye miamba, Mzee Salehe alirudi kutoka msikitini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa gazeti. Karibu sana." Aliagiza chai, akauliza habari za Dar, za njia, za nyumbani kwangu. Kisha akafungua droo akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa miwani. "Hii nimemwekea yule kijana. Nimeuliza msikitini. Nimemwomba padri aulizie Jumapili. Nimemtuma mtu Sepuka. Kila mtu amemsikia, hakuna aliyemwona. Hali yake ikoje sasa?"

Nilianza. "Mzee, unajua katika uandishi kuna suala la vyanzo, na wakati mwingine muktadha wa tafsiri..."

Zuhura alifungua daftari juu ya kaunta. "Mwandishi," alisema, "toa taarifa. Wapi na kwa sababu gani."

Petro alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni. Nikaona hakuna njia ya kuinuka kwenye benchi lile ila ile ya wenzangu wote.

"Ukurasa wa kumi na moja," nilisema. "Kijana hayupo, Mzee. Nilimtunga. Makala ilikuwa fupi."

"Hayupo wapi?"

"Popote."

"Kwa hiyo macho yake hayaumi?"

"Hana macho, Mzee. Hana hata jina."

Mzee Salehe aliweka kikombe chini. "Alhamdulillahi," alisema, na nilimwona mabega yanashuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa shukrani sikuwa nimejiandaa. Ilipita muda ndipo hasira ikafika, nayo ilikuja kwa sauti ndogo. "Nimemwombea dua kila Ijumaa. Nilikuwa tayari kumnyima mtoto wa ndugu yangu kazi yake kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

"Basi tumalize, Ami," alisema Zuhura. "Chumba kibaki."

"Subiri. Huyu leo ana neno hili, juzi alikuwa na lile. Nimwamini lipi?" Akanigeukia. "Uliandika palepale watu wanaposoma. Kaandike palepale. Gazeti likifika hapa kabla ya mwisho wa mwezi, ndoo zitakaa nje zilipo. Lisipofika, zitaingia." Akanisukumia daftari. "Hebu nisomee alichoandika Zuhura kuhusu wewe, nione kama amekosea."

Nikalinyoosha daftari mbali, mkono wote. Nikakunja uso. Mzee akaniangalia, akafungua kitambaa kile cheupe, akanivisha miwani mwenyewe kama anavyomvisha mteja. Herufi zikasimama wima.

"Nilikuwa nasema itampata mwenyewe," alisema.

Asubuhi, kabla ya basi, nilicheza tena nikiwa na miwani. Nilivuka shimo la kwanza na la pili. Nilifia daraja la pili, nimesimama nashangaa.

Safari ya kurudi nilipita Mkiwa nikamweleza mama wa chai kwamba kijana hayupo. Alinisikitikia. "Hata wewe wamekuficha," alisema.

Dar es Salaam, mhariri alikataa masahihisho. Alisema msomaji hanunui gazeti ili asome tumekosea. Nikamwambia nina safari ya Singida, ina njia, ina upepo, ina watu. Akauliza kama ina kuku. Nikamwambia wapo. Akakubali.

Kwa hiyo unachosoma ndicho nilichoagizwa. Kuku wa Singida ni watamu na wanatembea sana. Niliyojifunza ni machache: kwamba mtu wa kutunga hutembea haraka kuliko aliyemtunga, na kwamba huko nilikodhani hawajafikiwa na habari za gemu, ndiko zinakoandikwa na watu waliokufa kweli kweli. Kuanzia wiki ijayo safu hii itachapa taarifa za daftari la Zuhura, kwa majina ya waliozitoa. Za kwangu zitawekwa mwisho, zikipata nafasi.

Mzee Salehe, shikamoo. Kijana hayupo. Gazeti hili nitalipeleka mwenyewe stendi, nimkabidhi dereva wa Singida mkononi, nikiwa nimevaa miwani, na nihakikishe ni basi lenyewe. Ndoo zibaki nje.