Kuonja Kabla ya Kidonge

Mpishi wa kantini alikuwa na ulimi, jamani! Akionja mchuzi, chumvi yenyewe ilisimama wima. Sasa maradhi yaliyomkakamaza vidole yamemfika kooni. Tonge likiingia linakwama kifuani kama mgeni asiyeaga.

"Dawa ya koo unameza kabla ya kula, wifi?" aliuliza mke wa kaka yake, muuguzi.

"Kabla kabisa! Nikishaonja sufuria zote."

"Na kuonja si kula?"

"Kwa mpishi? Kuonja ni kazi, wifi."

Muuguzi hakucheka. "Inataka tumbo tupu. Miezi yote umeitupa bure."

Kesho yake mpishi alimeza kidonge bila kuonja chochote, akasubiri, kisha akajaribu kijiko cha uji. Kikakwama palepale.

"Mchuzi leo chapwa!" wateja walipiga kelele.

Mpishi alikuwa bado anausukuma ule uji kwa maji, huku akilia.