Bodi ya benki yetu ilitaka njia salama ya kompyuta, na siri bado zikafika Laare kabla ya mkutano

Wakuu, nawasalimu nyote, wa mlimani kwenye baridi na wa kule chini kwenye jua.

Nitasimulia kama ilivyotokea. Majina nimebadilisha na benki sitaitaja kwa sababu bado ndiyo inanilisha. Mengine yote ni ukweli mtupu, na pale nilipokuwa mjinga mimi mwenyewe nitasema.

Nafanya kazi makao makuu ya benki moja ndogo mjini Meru, kama msaidizi wa meneja mkuu. Nilitoka chuo kikuu na tabia moja mbaya: kuuliza. Ofisini wananiita Bwana Kwa Nini. Hawanisifu.

Bodi yetu ina wakurugenzi saba. Mmoja anakaa Embu, mmoja Kiritiri, mmoja Mikinduri, mmoja Laare, na watatu wako hapa Meru. Kabla ya kila mkutano lazima wapate makaratasi ya kusoma: mipango, ripoti, mambo ya kuamuliwa. Tangu benki ianze, dereva alikuwa anayazungusha ndani ya bahasha za kaki zilizopigwa lakiri nyekundu.

Sasa mwaka jana kukaja pendekezo la kufunga tawi la Laare. Mkutano ulikuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, watu wa Laare walikuwa wamejaa mbele ya tawi wakiuliza wahamishie pesa zao wapi. Bodi ikaahirisha uamuzi.

Meneja mkuu, tumwite Bwana Njiru, ni mtu wa Embu, mpole mpaka siku anapokasirika. Hakutafuta mbali. Makaratasi ya bodi yanachapwa na sekretari mmoja, Mama Mwenda. Kwao ni Laare. Kila Jumamosi huenda kuona mamake.

Basi. Kesi imeisha.

Akaandikiwa barua ajieleze kwa nini asifutwe kazi. Siri ikitoka mara nyingine, aende. Miaka kumi na sita kazini, watoto watatu shuleni, mume hayuko.

Na sikilizeni hii, wakuu. Hiyo barua ya kumshuku, Bwana Njiru alimpa yeye mwenyewe aichape. Akaichapa. Akarekebisha hata spelling.

Nikamuuliza Bwana Njiru ushahidi uko wapi.

"Kwa Nini, wacha kunihoji kama askari," akasema. "Nitafutie njia ya kisasa. Ya kompyuta. Makaratasi yatoke hapa yafike kwa director bila kupitia mkono wa mtu."

Nilikubali haraka. Nilidhani nikipata njia nzuri, Mama Mwenda amepona. Hapo ndipo ujinga wangu unaanzia.

Tulianza na faksi, kwa sababu tulikuwa nayo. Director wa Embu alitupa namba. Nikapiga, karatasi zikaanza kwenda, nikajipongeza. Baada ya dakika kumi simu ikalia. Msichana, sauti changamfu.

"Ni nyinyi mmetuma hii ya benki? Karatasi imeniishia page ya nne. Hapo kwa kufunga branch, mnafunga ama hamfungi?"

Namba ilikuwa ya duka la stationery. Alikuwa anauza kalamu huku akisoma mambo ya bodi.

Nikaachana na faksi.

Halafu akaja jamaa kutoka Nairobi kutuuzia barua pepe. Tai, viatu vya kung'aa, modemu kwenye mkoba. Alichomeka simu yetu, ikalia kama paka aliyekanyagwa, na kila mtu akapiga makofi. Mimi nikainua mkono.

"Barua ikitoka hapa inakaa wapi kabla director hajaichukua?"

"Kwa server."

"Server ya nani?"

"Yetu."

"Nani anaweza kuisoma ikiwa hapo?"

"Hakuna, boss."

"Hata wewe?"

Akakohoa. Akasema hilo ni swali la technical. Halafu mvua ikanyesha, laini ya simu ikafa, na maonyesho yakaishia hapo. Isitoshe, kila kupiga modemu ilikuwa trunk call, simu ya mbali ya bei ghali, hadi Nairobi, na director wa Kiritiri hana hata stima ya kuwasha taa kwenye duka lake. Barua pepe angeisomea wapi, kwa jiko?

Nikaamua disketi. Kila director apelekewe disketi yake, faili imefungwa kwa password yake peke yake. Aende tawi la benki lililo karibu naye, aketi kwa kompyuta ya tawi, asome kwa kioo, aache disketi hapo. Niliona ni mpango safi. Bado naona ni mpango safi, na hilo ndilo linaniudhi.

Chairman alitaka password iwe moja kwa wote, iwe jina la benki, "ili wazee wasisumbuke." Nikabishana naye nusu saa, nikashinda. Kila mtu akapata yake.

Wiki haikuisha. Nikamkuta Mama Mwenda anaandika kitu kwenye kadi.

"Nini hiyo?"

"Ni zile password. Madirector wamenipigia. Mmoja mmoja. 'Mama Mwenda, niwekee hiyo kitu, mimi nitasahau.'"

"Wangapi?"

"Wote saba." Akaniangalia. "Wewe, niambie. Mimi ni mwizi ama mimi ni kabati?"

Mtu mnayemshuku ndiye mnampa funguo zote!

Mkutano uliofuata ulipokaribia, alikuja mezani kwangu asubuhi na kusimama.

"Makaratasi ya safari hii, chapa wewe. Password badilisha zote, uzishike wewe. Mimi sitaki hata kuona kichwa cha habari. Ikitoka, wajue si mimi."

Alihamia mapokezi, akajibu simu siku tatu nzima. Nikachapa mwenyewe kwa vidole viwili. Pendekezo lilikuwa limebadilika: Laare isifungwe, ila ifunguliwe siku za soko tu. Password niliwatajia wakurugenzi kwa simu, kila mmoja yake. Dereva akapeleka disketi.

Jumanne, meneja wa tawi la Laare akapiga simu. "Huku watu wanauliza, kama soko likiangukia sikukuu mtafungua ama hamtafungua?"

Wakuu, nilifurahi. Siri imetoka na mimi nafurahi! Nikakimbia kwa Bwana Njiru. "Umeona? Si Mama Mwenda. Hakugusa kitu."

Alifunga kalamu yake.

"Basi ni wewe," akasema. "Ama ni nyinyi wawili. Alhamisi bodi ikikaa, huyo mama anaenda. Wewe tutaona."

Niulizeni kama nililala.

Jumatano nilipanda pikapu ya benki iliyokuwa inapeleka vitabu vya risiti Laare. Nilimwambia dereva anionyeshe kila mlango aliopita. Hakukuwa na shida yoyote njiani. Disketi ilifika, ilitiwa sahihi, ilifungiwa. Nikamuuliza meneja wa tawi swali ambalo sikuwa nimemuuliza mtu yeyote tangu nianze kazi hii.

"Director wa hapa akishakuja, anafanya nini hasa?"

"Mzee Kaberia? Anaketi, anajaribu kioo, machozi yanamtoka. Kwa hivyo namchapishia."

"Unamchapishia?"

"Ni director, kijana. Nimkatalie?"

"Na hizo karatasi anaenda nazo wapi?"

Akaelekeza kidole nje bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeonyesha mgeni choo kilipo.

Ng'ambo ya barabara kuna banda la kufungia miraa. Nilikuta watu kama ishirini, wanaume kwa wanawake, wanafunga mabunda kwa majani ya ndizi. Katikati, mwalimu mmoja mstaafu amesimama na karatasi ndefu zenye matundu pembeni, zile za printa yetu, anasoma kwa sauti. Anasoma mstari mmoja wa Kiingereza, anautafsiri kwa Kimeru. Kwenye kigoda, kofia magotini, Mzee Kaberia, mkurugenzi wa benki, anasikiliza.

Mama mmoja alikuwa anauliza: "Hapo pa siku za soko, walisema ni mbili ama ni moja? Rudia."

Mwalimu akarudia.

Nilisimama pale na digrii yangu. Mzee akaniona, akaniita niketi, nikaletewa uji.

"Mzee wangu," nikasema, "hayo makaratasi ni ya siri."

"Siri ya nani?"

"Ya bodi."

"Mimi niko kwa bodi kwa sababu gani?"

"Kuwakilisha wakulima wa huku."

Akanyoosha mkono kuwaonyesha wale watu. "Ndio hawa. Walinituma. Sasa niende Meru niseme wamesema nini, na sijawauliza? Huo si ni uongo? Mimi nimefanya hivi tangu niingie. Chairman huniambia, Kaberia, wewe ndiye huja umejiandaa."

"Hakuna mtu aliwahi kukuambia usifanye?"

"Hakuna mtu aliwahi kuniuliza."

Nikamweleza habari ya Mama Mwenda. Barua, miaka kumi na sita, na kwamba kesho bodi inamfuta. Hapo uso wake ulibadilika. Aliweka kikombe chini.

"Msichana wa kwa Nkatha, wa hapa kwetu? Anafutwa kwa ajili yangu?" Akamwambia mwalimu aache kusoma. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, mzee."

"Wewe si ndiye anayeitwa Kwa Nini?"

Banda lote likacheka. Nilistahili.

Alhamisi alifika mapema kuliko wote. Kabla ya sala ya kufungua mkutano kuisha vizuri, alisimama akasema kwa Kiswahili, polepole: "Anayewasomea watu ni mimi. Huyo mama mwacheni."

Chairman akacheka kidogo, akasema, "Kaberia naye!" kana kwamba mzee amemwaga chai. Mtu ambaye angefanya hivyo akiwa karani angekuwa ameshatolewa na askari. Nilitaka kupiga meza.

Walijadiliana hadi saa saba. Wakamwambia mzee aache. Akasema basi wamtoe yeye, na waende wenyewe Laare waeleze kwa nini. Hakuna aliyetaka safari hiyo. Tawi la Laare wakalibakiza, la siku za soko. Mwisho wakakubaliana: mipango inayohusu watu wa matawi, mkurugenzi anaweza kuuliza watu wake. Mambo ya wateja kwa majina na ya wafanyakazi hayatatoka Meru kabisa, si kwa disketi, si kwa bahasha. Yatasomwa asubuhi ya mkutano, chumbani, na yataachwa mezani.

Ndiyo njia salama iliyopatikana, wakuu. Chumba, meza na mlango.

Mama Mwenda je? Bwana Njiru alimwambia yaishe, arudi mezani kwake. Akakataa kukaa.

"Mliandika kunishuku. Andikeni kunisafisha."

Bwana Njiru akanung'unika, akaandika kwa mkono, akampa. Mama Mwenda akaisoma akiwa amesimama. Ilisema benki imeamua kumsamehe.

Akairudisha. "Nisamehewe nini?"

Akaandika nyingine. Hiyo ilisema hakuna ushahidi wa kutosha. Akairudisha vilevile.

"Ushahidi wa kutosha wa nini, Bwana Njiru?"

Ya tatu ilikuwa na sentensi mbili. Kwamba Mama Mwenda hakutoa siri yoyote ya benki, na kwamba benki ilikosea kumshuku. Chairman alitia sahihi bila kumtazama usoni. Mama Mwenda akaikunja, akaiweka ndani ya mkoba wake, akaenda kula chakula cha mchana. Alirudi saa nane kamili, akaanza kuchapa.

Nilichojifunza mimi ni kidogo, tena kinaniuma. Niliuliza maswali mengi kuhusu mashine na sikuuliza hata moja kuhusu mtu anayepokea. Kabla hujanunua kitu chochote chenye waya, nenda uketi na huyo mtu, umtazame akisoma.

Sasa hivi kila benki inahangaika eti mwaka elfu mbili kompyuta zitachanganyikiwa. Sisi tulichanganyikiwa mapema, bila msaada wa kompyuta.

Swali langu kwenu, kwa sababu sijatulia nalo bado. Mzee Kaberia alikosa, au ndiye mkurugenzi pekee aliyekuwa anafanya kazi yake? Mliowahi kukaa kwenye bodi ya shule, ya chama au ya kanisa, semeni mnavyofanya kwenu. Na kama mnaona mimi ndiye nilikosa, semeni pia. Nimezoea.