Shukrani za Chumba cha Pasi

Chumba cha kufulia cha hospitali yetu kiko chini kabisa, hakina dirisha hata la kusingizia. Humo ndimo Dada Pasi alimomaliza ujana wake. Jina hilo tulimpa sisi wenzake, maana alisimama mbele ya pasi miaka mingi mpaka kiwiko kikawa hakinyooki. Shuka za waliozaliwa na za waliokufa zote zilipita mikononi mwake, na zote alizikunja sawasawa.

Siku aliposinzia wima akaunguza mkono, muuguzi aliyemfunga bandeji alisema, "Huyu amechoka. Apumzike." Msimamizi wetu, ambaye ndiyo kwanza ametoka semina na fulana waliyomgawia huko, akasema uchovu ni ugonjwa wa wasioshukuru. Tangu hapo, kila asubuhi tukawa tunaizunguka meza ya kukunjia nguo, kila mmoja anataja jambo moja la kushukuru, wengine wanampigia makofi. Mpaka makofi ya mwisho yapigwe, mashine haziwashwi, na kazi ikichelewa kuanza, kutoka nako kunachelewa. Basi tulishukuru mbio mbio. Mimi nilishukuru sabuni wiki nzima.

Dada Pasi, masikini ya Mungu, alilichukulia jambo lenyewe kwa moyo. Alishukuru kwa shuka iliyokuja bila damu. Alishukuru kwa maji kutokatika, na kwa mama yake mzazi aliyekuwa bado anamsalimia kwenye simu. Na dawa hiyo ilimwingia kweli. Aliacha kusinzia wima, usingizi wa usiku ukarudi. Nilimwonea wivu, sifichi. Msimamizi naye akawa anawaleta wageni kumtazama, kama mtu aliyenunua kochi jipya.

Kisha mdogo wake Dada Pasi akapiga simu kutoka kwao. Mama hainuki tena kitandani, na anamtaka binti yake mkubwa. Dada Pasi akaenda kuomba ruhusa ya siku chache.

"Wewe tena?" msimamizi akamwambia mbele yetu sote. "Wewe ndiye mfano hapa. Ukiondoka, hawa wavivu watamtazama nani? Mama yu hai, simu unayo. Shukuru."

"Nashukuru, bosi. Lakini mama ananiita."

"Ndiyo maana wakasema asante ya punda ni mateke."

Punda mwenyewe, hakuna aliyemuuliza amebeba nini.

Akarudi kwenye pasi, akapiga simu. Simu yake ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka iwekwe spika, kwa hiyo tulisikia yote.

"Mwambie mama avumilie kidogo," akamwambia mdogo wake. "Kila akiamka ashukuru kwa jambo moja, hata dogo. Mimi limenisaidia."

Mdogo wake akampa mama simu. Halafu ikaja sauti ya mama mwenyewe, nyembamba.

"Nimeshashukuru, mwanangu. Sasa njoo."

Hakwenda. Anayeondoka bila ruhusa hurudi akakuta mtu mwingine ameshika pasi yake, na dawa za mama zilitoka kwenye pasi hiyo hiyo. Akaomba tena, akanyimwa tena. Kila asubuhi alishukuru kwamba mama amefika asubuhi, na kila asubuhi tulimpigia makofi.

Mama alikufa Alhamisi. Ruhusa ikatoka siku hiyo hiyo bila kuombwa, kwa sababu kwa maiti kanuni ipo. Kwa mgonjwa haipo.

Aliporudi kutoka kuzika alitukuta tumeizunguka meza. Akavaa aproni, akasimama mahali pake. Msimamizi, kwa kumheshimu mfiwa, akampa zamu ya kwanza, kisha akainamia simu yake.

"Nashukuru nilipata ruhusa," akasema Dada Pasi. "Mama ndiye aliyeniombea, akakubaliwa."

Msimamizi akasikia sauti imekoma, akapiga makofi bila kuinua macho. Nasi tukapiga, maana bila makofi mashine haziwashwi.