Kobe wamehamia kwao kabla yangu

Leo nimekojolewa na kobe mbele ya mafundi wangu wote, na bado nacheka.

Afisa wa wanyamapori alikataa tuchimbe msingi wa nyumba yangu kwa ploti yangu ya Kiamunyi hadi kobe wote watano wahamishwe. Kwa hivyo mimi, niliyekuwa mpangaji kwa miaka kumi na moja, nikajengea kobe kwanza. Mawe, nyasi, kivuli, mpaka karai la maji, huko chini kwa kona.

Asubuhi tukabeba wanne, afisa akihesabu. Yule mkubwa hayuko.

Bila yeye, hakuna kuchimba. Tukapekua kila kichaka. Mafundi wakaanza kukusanya majembe waende.

Mathe anayetupikia akauliza, "Boss, si huyo anakula huko chini?"

Alikuwa amejihamisha mwenyewe. Anatafuna nyasi zangu.

Kwa furaha nikamwinua juu mafundi wamwone, nikamtia begani kama mfuko wa simiti.

Afisa akasema, "Ukimshtua anamwaga maji." Amechelewa kusema. Shati yote.

Fundi mkuu akaangalia kobe, akaangalia shati yangu, akachukua jembe. "Landlodi ameshaweka sahihi. Tuchimbe."

Wanachimba saa hii. Shati iko kwa kamba, na karai nimejaza tena.

Ni mimi peke yangu nimewahi kushukuriwa hivi?