Baraza Lisilouzwa

Kila nyumba ya mtaa wetu, nyuma ya soko la Shinyanga, ilikuwa na kisa chake. Ya kona ilijengwa na mpagazi aliyechoka kutembea. Ile yenye milango miwili mbele ilikuwa ya ndugu wasiotaka kupishana kizingitini. Ya jirani yetu ilikaa imefungwa mwaka mzima, kwa kuwa mwenyewe alikwenda Geita kutafuta dhahabu na ufunguo akaondoka nao. Lakini hakuna iliyoishinda yetu, maana yetu ilikuwa na wenyewe wawili.

Baba, Msukuma aliyekuja mjini kwa kazi ya kupima pamba, aliinunua kwa ng'ombe kutoka kwa mzee wa Kizaramo aliyefika bara na misafara enzi za Mjerumani, akapapenda, asirudi tena pwani. Siku ya kukabidhiana, mzee alihamia kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka yetu. Kesho yake asubuhi tukamkuta barazani kwetu, mkeka umetandikwa, bakora ubavuni, birika la kahawa mbele yake. Baba alipomuuliza kulikoni, alijibu bila haraka.

"Nyumba nimekuuzia, mtani. Baraza sijauza."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, na mtani hakasirikiwi. Mama hakucheka hata kidogo. Yeye alikuwa Mmanyema, hana utani na mzee yule, na adabu haikumruhusu kumfukuza mtu mzima wa makamo ya baba yake.

Tatizo lilikuwa cherehani. Mama alishona nguo za watu, na nyumba zile za zamani zilikuwa na madirisha ya ukubwa wa sinia. Mwanga ulikuwa barazani tu, na barazani kulikuwa na mzee na wenzake, wakinywa kahawa hadi magharibi. Mama akashona gizani. Kanzu moja ya Idi aliizungushia uzi wa kijani akidhani ni mweusi, mwenyewe akairudisha mbele ya majirani. Wateja wakaanza kumhamia fundi wa karibu na stesheni. Nilimwona mama anafunika cherehani mchana kweupe, kama mtu anayefunga duka, nikaingiwa na hofu.

Siku hiyo aliniita jikoni. Nilikuwa na miaka minane hivi. Akaniambia kwamba yeye si mtani wa mzee, lakini mimi ni damu ya baba yangu, na mtani anaruhusiwa kuchukua cha mwenziwe mpaka kikombolewe. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nikaanza na mkeka. Mzee akacheka, akaukomboa kwa kashata. Siku ya pili nikachukua birika, akatoa kashata tena. Nilinenepa, ila mzee hakuondoka barazani. Mama akanionya kwamba nimeanza kufanya biashara yangu mwenyewe. Basi wiki iliyofuata nikakataa kashata. Nikabeba mkeka, birika, bakora na viatu, nikavirundika chini ya kitanda cha mama. Mzee akabaki ameketi juu ya sakafu tupu, peku, wenzake wakiangua vicheko.

"Sasa umebakiza nini, mtani?" akaniuliza.

"Wewe," nikasema, nikamshika kanzu.

Vicheko vikazidi. Mzee akauliza anajikomboa kwa kitu gani. Nikamwambia anajikomboa kwa upande wa kulia wa baraza, wenye mwanga. Akatazama mlangoni ambako mama alikuwa amesimama na ushungi wake. Kisha akasogea kushoto.

Kwa miaka mingi baada ya hapo mama alishonea upande wa kulia, naye mzee akajitapa kwa wapita njia kwamba baraza lake lina fundi. Wateja walirudi. Mzee alipofariki, mama alilia kuliko baba, na upande wa kushoto hakuwahi kuuwekea kitu.

Wazazi wangu nao walipoondoka duniani, nilimuuzia nyumba kijana mmoja mfanyabiashara. Nilimkabidhi funguo, nikamwambia baraza sijauza. Akacheka, akidhani natania tu.

Kesho yake asubuhi alinikuta upande wa kushoto, nimeshatandika mkeka.